Mbuzi amekunywa dawa ya minyoo, lakini anakataa kula: tufanye nini?

Katika koperative zetu swali hili linarudi kila musimu wa mvua. Mufugaji anaona mbuzi wake anakonda, manyoya yanasimama, chini ya taya kunavimba kama kamufuko ka maji. Anajua: ni minyoo. Anaenda sokoni, ananunua dawa, anamunywesha. Kesho yake anangojea kuona mbuzi akikimbilia majani, lakini hapana. Mbuzi analala kwenye kona, kichwa chini, hata matembele hataki kunusa. Siku ya pili, vilevile. Njo watu wanaanza kusema: «Dawa njo inamuua», ao «Minyoo imekasirika», na mwengine anarudi sokoni kununua chupa ya pili.

Somo hili ni kwa ajili ya zile siku tano ao sita zenye kufuata dawa. Mafundisho mengi ya ufugaji yanaishia kwenye chupa: nunua, pima, nywesha, basi. Lakini kuna mbuzi wenye kufa wakati minyoo imekwisha kufa, juu hakuna mutu mwenye aliwasaidia kurudia kula. Na pale penye watu wanapitishiana mbuzi, kifo kimoja hakiumizi nyumba moja tu. Kuna jirani mwenye anangojea mutoto wa kwanza wa ule mbuzi, na nyuma ya jirani kuko mwengine.

Kwa nini minyoo inakufa na njaa hairudi

Katika nchi zenye joto na mvua kama yetu, munyoo wenye kuumiza mbuzi kupita yote wataalamu wanauita Haemonchus. Ni mwembamba, urefu wake sentimetre mbili ao tatu. Wa kike unaonekana kama kamba mbili zenye kusokotwa pamoja, nyekundu na nyeupe. Mbuzi ana matumbo ine, na huu munyoo unakaa katika tumbo la ine. Unatoboa ngozi ya ndani na kunywa damu. Munyoo mumoja unakunywa kidogo sana, karibu tone moja kwa siku. Lakini hauko peke yake. Minyoo 1 000 inaweza kupoteza mililitri 50 za damu kwa siku, na mbuzi wa kilo 20 ana damu karibu litri moja na nusu tu. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Mwili unajaribu kutengeneza damu ingine, lakini unafika mahali unashindwa.

Dawa nzuri inaua minyoo kwa siku moja ao mbili. Hairudishi damu. Haiponyeshi vidonda vya tumbo. Ukifukuza mwizi, mali yenye alibeba hairudi usiku ule ule.

Kuko sababu ya pili, na hii watu wengi hawaijue. Tumbo la kwanza la mbuzi, lile kubwa la upande wa kushoto, linafanya kazi kama mutungi wa kasiksi. Ndani yake kuko vidudu vidogo sana vyenye jicho halioni, na hivyo njo vinachachisha majani mpaka yanakuwa chakula cha mwili. Mbuzi hatumii majani yenyewe. Anatumia kazi ya hivyo vidudu. Sasa mbuzi mugonjwa hale siku mbili, siku tatu. Vidudu navyo vinakosa chakula, vinakufa. Mutungi unapoa. Hata ukimulazimisha kula, majani yanakaa tu mule ndani kama majani ndani ya kitunga. Kwa hiyo mbuzi hakatai kwa kichwa ngumu. Tumbo lake limesimama, na tumbo lenye kusimama halitumi njaa.

Sababu ya tatu inatoka kwetu wenyewe: namna tulimunywesha. Kama ulimuinua kichwa juu sana na kumwanga dawa kwa nguvu, sehemu moja inaweza kuingia katika mapafu. Ule mbuzi atakohoa, atapumua mbio, na kisha siku mbili ao tatu atakuwa na homa. Ao kipimo kilikuwa kikubwa. Albendazole inavumilia makosa kidogo, lakini levamisole haivumilie. Mbuzi mwenye kupewa levamisole nyingi anatoa mate, anatetemeka, anakojoa mara na mara, na hiyo inaanza ndani ya saa moja hivi. Ukiona vile, usimuongezee kitu chochote kwa mudomo. Mutie mahali pa kivuli penye utulivu na ita muganga wa wanyama.

Na sababu ya ine: labda haikukuwa minyoo peke yake. Hiyo tutaiona hapa chini.

Jambo moja lazima liwe wazi mbele ya kuendelea. Mbuzi mwenye hakule kisha dawa, usimupe ile dawa mara ya pili kwa sababu tu hakule. Haponi hivyo, unamuongezea sumu.

Mbele ya chakula, mwangalie

Kuangalia mbuzi kunaomba dakika kumi tu. Anza na jicho. Vuta ngozi ya chini ya jicho, angalia rangi ya ndani, mahali penye jua lakini si jua kali. Ikiwa nyekundu, damu iko. Ikiwa nyeupe kama karatasi, mbuzi huyu hana nguvu ya kukimbia wala ya kufukuzwa. Hata kumukamata kwa kumukimbiza kunaweza kumuangusha afe. Mubebe. Katika Afrika ya Kusini muganga wa wanyama François Malan alitengeneza karatasi ya rangi tano kwa kazi hii, inaitwa FAMACHA, na leo inatumika katika inchi nyingi. Rangi ya 1 ni nyekundu, rangi ya 5 ni nyeupe. Kama ofisi ya veterinere ya kwenu iko na ile karatasi, muombe awafundishe.

Kisha homa. Termometre ya watu inafaa, ile yenye kutiwa katika matako. Muipake mafuta kidogo, na mukimaliza muiweke mbali na ya nyumba. Mbuzi muzima anakuwa kati ya 38,5 na 40. Ikipita 40 na kivuli kiko, kuko ugonjwa mwengine: mapafu, ao kitu kingine. Ikishuka chini ya 38, mbuzi anapoa, na hapa kuna haraka. Mbuzi mwenye kupoa hatumii chakula. Mufunike na gunia kavu, weka chupa za maji ya moto yenye kufungwa na nguo pembeni ya tumbo lake, na ngoja apate joto njo umupe kitu.

Sasa tumbo kubwa. Simama nyuma ya mbuzi, funga ngumi, itie kwenye shimo la upande wake wa kushoto, pale mbavu zinaishia, na sukuma kidogo. Ngoja bila kusema. Tumbo lenye kufanya kazi litasukuma ngumi yako mara moja ao mara mbili kwa dakika, kama mutu mwenye kugeuka chini ya blanketi. Ukingoja dakika tatu na hausikie kitu, mutungi umepoa. Jaribu vilevile kwa mbuzi muzima, ili mukono wako ujue tofauti. Kusoma peke yake hakutoshi hapa.

Angalia na mudomo. Vidonda ndani ya mudomo, makamasi mengi, macho yenye kutoa uchafu, kuhara, homa ya juu, na tena mbuzi wawili watatu wanashikwa juma moja: hiyo si minyoo, hiyo inafanana na pesti ya mbuzi, PPR. Watenge, usipeleke hata mumoja sokoni, na pasha habari siku ile ile. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuua kirusi chake, lakini kuna shanjo ya kuukinga, na shanjo moja inalinda kwa miaka mitatu hivi. Watu hawaambukizwe.

Kwa watoto wa mbuzi, kati ya majuma matatu na miezi mitano, kuhara kwenye harufu mbaya, mara ingine na damu, mara nyingi ni koksidia. Koksidia si munyoo. Albendazole haiigusi hata kidogo. Ni kwa hiyo tunasikia mufugaji akisema «nimemupa dawa mara tatu». Alimupa dawa ya kitu kingine. Veterinere iko na dawa yake.

Maji yanatangulia majani

Mbuzi mwenye kuhara ao mwenye hakunywe siku mbili hataanza kula mbele ya maji kurudi mwilini. Utajua kwa kumufinya ngozi ya shingo: ukiiachilia, kwa mbuzi muzima inarudi mara moja, kwa mwenye kukauka inabaki imesimama.

Yale maji ya sukari na chumvi yenye mama wote wanajua kwa watoto wao, yanafaa hapa. Litri moja ya maji yenye kuchemushwa na kupoa kidogo, vijiko vidogo sita vya sukari vyenye kusawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: yasikuwe na chumvi kupita machozi. Kwa mbuzi wa kilo 20, glasi moja (robo litri) mara ine kwa siku. Yawe na moto kidogo, kama maji ya kuogesha mutoto. Yenye kubaki jioni, mwanga. Kesho tengeneza ingine.

Namna ya kunywesha, hapa watu wanaharibu kazi yote. Mbuzi asimame, ao alale juu ya tumbo, hapana ubavu. Kichwa kibaki sawa na mugongo, pua isipite urefu wa macho. Usishike ulimi. Tia mudomo wa chupa ya plastike, ao seringi bila sindano, pembeni ya mudomo, pale hakuna meno, na achilia kidogo. Ngoja ameze. Tena kidogo. Akikohoa, shusha kichwa mara moja na uache apumue. Mbuzi mwenye hawezi kumeza, mwenye shingo inaanguka, huyo usimunyweshe hata maji: anahitaji veterinere na bomba lake.

Kumushawishi kula

Mbuzi hafanani na ngombe. Ngombe anakula chini. Mbuzi anapenda kunyoosha shingo, kuchagua, kuvuta. Hata mukiwa na majani mazuri, mukiyatupa chini juu ya mavi na mukojo, mbuzi mugonjwa hatayagusa. Fungeni kitita kidogo cha majani na kamba, mukitundike kwa urefu wa macho yake. Kidogo, kama chenye mukono mumoja unashika. Kisha saa mbili kama hajakula, ondoa, mupe mbuzi wengine, tundika majani mapya ya namna ingine. Kurundika lundo mbele ya mugonjwa ni kumuchosha tu. Majani yanalala, yananuka mate yake, na anayachukia.

Majani gani? Matembele, majani ya migomba, majani ya maharagi na ya karanga kisha mavuno, matete machanga, na kama koperative ilipanda kaliandra ao lesena kwenye miteremuko, hayo njo mazuri zaidi kwa mbuzi mwenye kukosa damu, juu yana nguvu ya kujenga mwili. Lesena isipite sehemu ya tatu ya chakula chote; ikiwa nyingi na kwa muda murefu, inamunyoa manyoya. Changanya namna mbili tatu. Mara nyingi mbuzi anakataa matembele na anakubali majani ya muti fulani machungu ya kwenye uzio, yenye wewe haukuweza kufikiri. Mufunge kamba ndefu, mutembeze pole pole kwenye uzio kisha umande kukauka, na angalia kinywa chake kinaenda wapi. Mbuzi mwenyewe ni mwalimu hapa.

Lakini kuko majani matatu ya kuangalia sana. Majani ya avoka ni sumu kwa mbuzi: yanaharibu moyo, na kwa mama mwenye kunyonyesha yanaharibu matiti. Avoka ziko kwenye kila kiwanja huku kwetu, na watoto wenye kutumwa kukata majani hawajue, waambieni. Ya pili ni majani mabichi ya muhogo, zaidi ya muhogo muchungu. Yakaushwe kwa jua siku mbili tatu mbele ya kumupa, na hata hivyo yasikuwe chakula pekee. Ya tatu ni mutama muchanga, wenye haujafika urefu wa magoti. Nao uko na sumu sawa na ile ya muhogo.

Na unga? Hapa ni penye huruma inaua. Mbuzi hale, mama wa nyumba anamuonea huruma, anamuletea unga wa muhindi, maganda ya viazi yenye kupikwa, machicha ya pombe, pumba kibakuli kizima. Mbuzi anakula! Nyumba yote inafurahi. Usiku tumbo linajaa, asubuhi analala ubavu. Tumbo lenye kusimama halina vidudu vya kutosha kwa chakula cha unga. Kinachacha vibaya na kinageuka kuwa asidi. Kwa siku tano za kwanza, unga hapana. Kama unataka kumuonjesha pumba ili aamke, iwe kiasi cha mukono mumoja kwa siku, yenye kunyunyiziwa maji ya chumvi kidogo, na siyo zaidi.

Kitu kingine chenye hakiombe pesa: mwenzake. Mbuzi mwenye kufungiwa peke yake anaogopa, na mbuzi mwenye kuogopa hale. Kama hakuna alama ya ugonjwa wenye kuambukiza, mufungeni karibu na mbuzi mumoja mupole, pale anamuona na kumusikia akitafuna. Mara nyingi akisikia kutafuna, naye ananyoosha shingo.

Kuwasha mutungi tena

Kama ngumi yako haikusikia tumbo likisukuma, na mbuzi hajacheua hata mara moja tangu siku mbili, majani mazuri peke yake yanaweza kukosa kutosha. Kuna njia moja ya zamani, ya bei ndogo, yenye waganga wa wanyama wanatumia duniani pote: kumupa maji ya tumbo kubwa ya mbuzi ao ngombe muzima. Ni sawa na mutu wa kasiksi mwenye kuweka chachu ya mutungi wa jana ndani ya mutungi mupya.

Siku ya soko, pale machinjo, ngojeni wachinje mnyama mwenye afya, mwenye kupimwa na mukaguzi wa nyama. Muombe muchinjaji afungue tumbo kubwa mara moja. Chukueni yale majani yenye kulowana, muyakamue kwa kitambaa safi, maji yaingie katika chupa ao kibido chenye kupashwa moto na maji ya moto. Fungeni vizuri, mufunike na nguo: vidudu vya mule havipendi hewa wala baridi. Yafike kwa mugonjwa ndani ya saa moja. Mbuzi mukubwa anapewa nusu litri, mudogo robo litri, pole pole vile tumesema hapo juu. Mukirudia kesho yake ni muzuri zaidi. Kisha saa chache, tundika majani. Harufu yake si nzuri, mikono itanuka mpaka jioni, lakini ni kazi yenye kulipa. Kama katika eneo lenu kuna ugonjwa wa mifugo wenye kuenea wakati huo, basi musifanye, juu mutaleta ugonjwa pamoja na vidudu.

Tuseme pia juu ya vitu vyenye havifai. Vidonge vya tetrasiklini vya watu, vile vya rangi mbili vyenye kuuzwa kimoja kimoja sokoni, watu wanavifungua na kumwangia mbuzi mudomoni. Dawa ile ikipita kwa mudomo inaua vidudu vya tumbo kubwa, vile vile vyenye tunatafuta kuokoa. Kama mbuzi anahitaji antibiotike, veterinere atampiga sindano. Pombe, sabuni, na mafuta ya gari, vyenye wengine wanaamini, havina kazi katika tumbo la mbuzi mwenye kukosa damu, na mafuta yakiingia katika mapafu yanamaliza mambo. Sindano ya vitamini B ni nzuri, inaweza kuamusha njaa, bei yake si mubaya, uliza veterinere.

Mbuzi mwenye mimba hangoji

Mambo yote ya hapo juu yanaweza kungojea siku mbili, mukiendelea kumuangalia. Kwa mbuzi mwenye mimba kubwa, wa mwezi na nusu wa mwisho, hapana. Watoto wenye kuwa tumboni, zaidi wakiwa wawili ao watatu, wanamunyonya nguvu kila saa. Asipokula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, na ini linashindwa. Anaonekana kama amelewa, anajigongagonga, haoni vizuri, pumzi yake inanuka kama tunda lenye kuiva sana. Huyu ita veterinere siku ya kwanza. Wakati mukingojea, mupe asali ao sukari, vijiko vikubwa vitatu katika glasi ya maji yenye moto kidogo, asubuhi na jioni.

Na tujue: katika mwezi wa kwanza wa mimba, albendazole haipewi, inaweza kuharibu mutoto tumboni. Kama dume linatembea na majike, na haujue tarehe, sema hivyo mbele ya kununua dawa. Kuko dawa ingine.

Mutoto mwenye angali ananyonya na hajafika miezi miwili, chakula chake ni maziwa. Usimuachishe kunyonya kwa sababu anahara. Mupe maji ya sukari na chumvi katikati ya kunyonya.

Siku zinaenda namna gani

Ikiwa mambo yanaenda vizuri, alama ya kwanza si kula, ni masikio. Yanainuka. Kisha mbuzi anafuata mutu na macho, anasimama yeye mwenyewe, anakojoa. Kucheua kukirudi, umeshinda sehemu kubwa. Hiyo mara nyingi inafika siku ya pili mpaka ya ine. Mavi yanaanza laini, kisha yanarudi kuwa tembetembe. Uvimbe wa taya unakawia, unaweza kupita juma moja. Usiutoboe na sindano ya kushona vile wengine wanafanya. Damu yenyewe inaomba majuma, hata mwezi. Katika mwezi huo usimupeleke kwenye malisho ya mbali, usimupandishe na dume, na usimuuze kwa bei ya mugonjwa, juu bei itarudi.

Nyama na maziwa: dawa inabaki mwilini. Siku za kungojea zimeandikwa juu ya chupa. Kama karatasi ya chupa imefutika, ngojea mwezi mumoja.

Alama mbaya nazo ziko wazi: siku tatu bila kula wala kucheua hata kisha kazi hii yote, ubaridi wenye haurudi nyuma, kulala ubavu, tumbo la kushoto kujaa hewa kama ngoma. Hapo mambo yamepita somo la gazeti, ni kazi ya veterinere. Mukimupigia simu, mwambieni jina la dawa, namba zenye kuandikwa juu ya chupa, kiasi chenye mulimupa, na siku. Bila hayo ataanza kubahatisha.

Kama kisha siku 14 jicho lingali jeupe

Mbuzi anakula kidogo, lakini siku ya 14 jicho halijaanza kuwa jekundu. Sasa njo tunaweza kuuliza swali juu ya dawa. Labda ilikuwa ya zamani, ao ya bandia. Labda minyoo ya kwenu imezoea ile dawa, juu kila mwaka ni ile ile, na kila mbuzi anapewa, mugonjwa na muzima. Labda, na hii tunaiona sana, kipimo kilikuwa kidogo. Pelekeni mavi mabichi ya mbuzi, katika kamufuko safi, kwa maabara ya veterinere kama iko karibu. Wakihesabu mayai ya minyoo watajua kama dawa ilifanya kazi.

Na malisho. Yai la munyoo likianguka na mavi, kwa joto na unyevu linakuwa munyoo mudogo wenye kuambukiza kwa juma moja hivi. Anapanda juu ya jani pamoja na umande, lakini hapandi mbali, sentimetre chache tu kutoka chini. Kwa hiyo mbuzi mwenye kupona, akirudi asubuhi mapema kwenye yale majani mafupi ya kando ya muto penye aliambukizwa, anaanza tena. Atoke kisha umande kukauka, ale vichaka vya juu.

Zoezi la mukutano wenye kuja

Kila mutu alete chupa ao karatasi ya dawa ya minyoo yenye iko nyumbani kwake. Ile mizani ya koperative ya kupima maharagi itundikwe, na mbuzi mumoja atiwe katika gunia, kichwa inje, apimwe. Mbele ya kusoma mizani, kila mutu aseme kilo zenye anafikiri. Mutacheka, lakini muandike zile namba.

Kisha hesabu. Kwa mbuzi, kipimo cha albendazole chenye kushauriwa ni miligrama 10 kwa kilo moja ya uzito, mara mbili ya kile cha kondoo, juu mwili wa mbuzi unaondoa dawa mbio. Karatasi nyingi zinaandika kondoo tu. Chupa ya 2,5 % ina miligrama 25 katika kila mililitri. Chupa ya 10 % ina miligrama 100. Jina ni moja, rangi inaweza kufanana, lakini nguvu inapita mara ine. Na kile kidonge kikubwa cha miligrama 2 500 ni cha ngombe. Kukivunja kwa macho kwa ajili ya mbuzi ni hatari.

Swali: mbuzi wenu amepima kilo 14. Mutamupa mililitri ngapi za chupa ya 2,5 %, na ngapi za chupa ya 10 %? Mutafute kwanza bila kuangalia hapa chini, na mulinganishe na kiasi chenye kila mutu alizoea kumwanga kwa kifuniko cha chupa.

Jibu: mililitri 5,6 kwa chupa ya kwanza, mililitri 1,4 kwa ya pili.